Antenne Moja, Televisheni Tatu

Bukavu, tarehe 22 Janvier 1989

Kwako Yaya Jean-Marie, kaka yangu mukubwa,
Lubumbashi

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na bibi yako Adèle, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Je, muko wazima huko? Kikohozi cha mutoto wa pili kimepona? Na wewe, ile migongo yako ya kukaa bureau kutwa nzima, unaipaka dawa niliyokutumia ao umeiweka kabatini iangaliwe na panya? Sisi huku tunaamuka, tunakula, tunasali, tunalala. Kama hiyo ndiyo uzima, basi tuko wazima. Papa muguu unamusumbua kidogo lakini sauti yake haina ugonjwa wowote, nyumba nzima inasikia. Maman angali kitandani. Juu ya Maman nitakuambia mbele.

Barua yako nimeipata kwa mukono wa Abbé Benoît, aliyefika na ndege ya juma tatu. Unasema Papa alikutumia neno kwamba shemeki yetu Polycarpe aliharibu televisheni uliyomutumia Maman, tena akamwibia picha na kuipeleka kwake, na kwamba amemufukuza katika annexe, ile nyumba ndogo ya uani, pamoja na bibi yake Noëlla, mudogo wetu. Unasema Papa anangoja neno lako, kwa sababu wewe ndiye muzaliwa wa kwanza na parcelle, kiwanja chote, iko kwa jina lako, na ukikubali, annexe itapewa mupangaji na wale wawili hawatarudi tena. Ukaniandikia hivi: Bibiane, wewe una macho, niandikie yote tangu mwanzo, halafu nitaamua.

Sawa. Macho ninayo. Nakuandikia.

Kwanza huyo mutu mwenyewe, maana wewe umemuona mara mbili tu, na siku ya ndoa alikuwa amevaa suti ya kuazima. Polycarpe ni mutoto wa Mudaka. Kwao wanalima maharagi na muhogo, na hilo si kosa, babu yetu pia alilima. Lakini babu yetu hakujiita technicien! Huyu shemeki anatengeneza radio katika soko ya Kadutu, chini ya bâche moja ya turubai iliyotoboka, kati ya mama anayeuza samaki sambaza na muzee anayeshona viatu. Ukimusalimia anakupa kifundo cha mukono kwa sababu kiganja ni cheusi. Suruali yake ina tundu za moto pajani, fasi risasi ya kuunganisha nyaya inapodondokea. Hasemi. Ukimutukana anatazama chini. Mimi sikuelewa siku hata moja Noëlla, na diplôme yake ya Masista, na Kifaransa chake cha kusoma mbele ya Monseigneur, aliona nini pale. Nilimuuliza. Akaniambia ni mutu mutulivu. Nikamujibu kwamba hata jiwe ni tulivu.

Mimi ndiye niliyeweka sheria kwamba watu wa kazi wanapita mulango wa jikoni, na Polycarpe nilimuhesabu kati yao. Miaka ine amepita jikoni. Anavua viatu pale kwenye mafiga, anasalimia sufuria, ndipo anaingia kwa wakwe zake. Hakuuliza siku moja kwa nini. Nikasema moyoni: unaona? Anajua mwenyewe fasi yake.

Sasa Maman. Unakumbuka mwezi wa tisa watu wa televisheni walikuja parokiani kupiga picha ya kwaya ya mamans. Maman alisimama mustari wa mbele, na foulard ile ya njano kichwani, akaimba wimbo wa pili peke yake. Miaka makumi tatu na moja katika kwaya ile, Yaya, na hajawahi kujiona akiimba. Walisema picha itapita jumapili, siku ya mungu ya pili ya Avent, saa kumi, mara moja tu. Kumbe kabla ya mwezi kuisha, akiteremuka ile njia ya nyuma ya parokia baada ya mvua, akateleza. Mufupa wa nyonga. Daktari akasema alale chali, asikae, asisimame, na mutu akimubeba hata mupaka salon, mufupa utaachana tena. Maman hakulia juu ya maumivu. Aliuliza tu namna gani ataona kwaya.

Ndipo ukatuma ile televisheni. Mungu akubariki. Lakini ulituma televisheni, hukutuma antenne, na antenne ya nyumba iko moja, ile ya Papa, juu ya mabati, na waya wake unashukia salon. Papa kuhamisha televisheni yake ni kama kumuambia kardinali akaushe sahani. Hapo ni fasi ya wageni wake, kiti chake, bakora yake, yote imepangwa tangu zamani.

Mimi sikutaka Polycarpe. Nilitafuta mutu aliyesoma. Nikamuleta Citoyen Floribert, fundi mwenye diplôme, anayekaa Nyawera. Alikuja na suti ya abacost iliyopigwa pasi, kalamu bic tatu mufukoni, na mallette, sanduku la mukono. Mawe, mama yangu! Mallette ilikuwa na tournevis moja ya skrubu na gazeti. Alikunywa kwanza bière mbili ya Papa, akazungumza juu ya fréquence kwa Kifaransa nusu saa, Papa akitikisa kichwa kama anaelewa. Halafu akachubua waya ya Maman kwa meno, Yaya, kwa meno, akaisokota juu ya waya ya Papa nyuma ya televisheni kama mutu anasuka nywele, akafunga na sparadrap ya kidonda. Tukawasha. Pale salon, musomaji wa habari alikuwa na vichwa viwili, kimoja kinamufuata kingine. Kwa Maman ilikuwa mvua tupu, nyeupe, na kelele kama mafuta ya kukaanga. Citoyen Floribert akasema ni kawaida, picha inazoea. Akaenda zake na hajaonekana tena mutaa huu. Debe tupu, na kravati angeivaa kama serikali ingeiruhusu.

Hapo Papa akatoa elimu yake. Alisema antenne ni chungu. Bugali iko katika chungu ni ile ile, ukiongeza sahani, kila mutu anapata kidogo. Kwa hiyo yeye akitazama, Maman azime. Na kwa sababu Papa anatazama yote, hata ile picha ya bendera mbele ya habari, hata ile saa inayozunguka tu, Maman alikaa na televisheni yako imezimwa wiki mbili, inamuangalia yeye badala ya yeye kuiangalia. Na mimi nilikubali habari ya chungu. Nilimucheka Floribert, lakini habari ya chungu niliimeza bila kutafuna, sababu ilitoka kwa Papa.

Polycarpe akaja siku ya mungu moja, kwa mulango wa jikoni, akaona yale masokoto. Hakucheka. Aliuliza tu ni nani alifanya, nikamujibu ni mutu mwenye diplôme. Halafu akamuomba Papa ruhusa, kofia mukononi, akaeleza polepole kwamba waya hazisokotwi vile. Alisema picha inatoka mbali, inafika juu ya mabati ikiwa imechoka. Ukiigawa hivyo hivyo, kila televisheni inapata mabaki. Inafaa kwanza uiongezee nguvu karibu na antenne, kisha uipitishe katika kisanduku kinachogawa sawasawa, na kila televisheni iwe na waya yake, waya ya mviringo, si ile bapa ya kulala. Akasema zikiwa tatu ao hata ine hazitanyang'anyana, mradi kisanduku kiwe kizuri. Papa alikuwa anatazama mupira. Akatikisa kichwa cha ndiyo.

Polycarpe akavuka muto Ruzizi, akatafuta vitu vyake huko Cyangugu, Rwanda, akarudi, na kile kisanduku akakitengeneza ndani ya mukebe wa maziwa ya unga. Mukebe wa maziwa, Yaya! Ungali na picha ya ngombe! Kesho yake nilisimulia wasichana wangu wa foyer, pale tunapojifunza kushona, kwamba shemeki yangu atatukamulia televisheni. Tulicheka mupaka mashine zikasimama.

Alifanya kazi siku ya posho, jumamosi, baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya mapema ya kusafisha mutaa. Alipanda juu ya mabati asubuhi, akashuka jua limeinama. Niseme jambo moja hapa, ulishike, maana nitalirudia. Alinijia nikiwa napiga pasi, akaniomba ruhusa juu ya waya ya Maman. Alisema hataki kutoboa ukuta ulio juu ya kitanda, vumbi lisimuangukie Maman machoni na nyundo isitikise mufupa. Kwa hiyo waya ya Maman ataizungusha inje, ipite ukuta wa annexe, kwenye ule musumari mukubwa, halafu irudi iingie kwa dirisha. Alinionyesha kwa kidole. Nilimujibu ndiyo, ndiyo. Sikuinua hata kichwa kutoka juu ya shati, kidole nilikiona kwa pembe ya jicho.

Na picha ikaja. Kwa Papa ikawa safi, kichwa kimoja kwa kila mutu. Kwa Maman safi. Maman alimushika Polycarpe ule mukono wake mweusi akaubusu, na mimi nikaenda kuleta sabuni. Basi ningefurahi, sivyo? Lakini jioni ile niliona mwanga wa bluu katika dirisha la annexe. Kumbe waya ya tatu ilikwenda kwake! Alikuwa na katelevisheni kadogo alikokaunganisha kutoka maiti mbili za televisheni, hakana hata kifuniko nyuma, na picha ilikuwa ile ile ya Papa. Alikuwa ameomba, na Papa alikubali, lakini Papa hakumbuki alichokubali mupira ukiwa unachezwa. Mimi iliniuma. Mutu wa mulango wa jikoni anatazama picha sawa na ya salon, antenne ya Papa, mabati ya Papa, na miguu ameinyoosha!

Siku ya posho iliyotangulia Avent ya pili, upepo ulivuma kutoka ziwani, na picha ya Maman ikaanza kuwa na vidoti. Mimi nikasema: chungu. Annexe inakula. Nilikwenda kumuambia Noëlla azime kale kadude kake mupaka kwaya ipite. Noëlla alicheka. Alisema Polycarpe amekwisha kueleza kwamba si chungu, ni upepo tu unatikisa antenne, kesho atapanda kuikaza, na yaya Bibiane asijisumbue. Asijisumbue! Mutoto niliyemubeba mugongoni, ananifundisha mambo ya mume wake wa Kadutu. Nilirudi nyumbani bila kumuaga.

Siku yenyewe ikafika. Polycarpe alipanda baada ya misa, akaikaza antenne, akashuka. Maman tulimuosha, nikamuvika pagne ya kwaya amelala vile vile, na foulard ya njano. Mamans kumi na mbili wa kwaya walikuja na Marie-Louise, yule kiongozi wao mwenye sauti ya kengele, wote na pagne ile ile, wakajaza chumba, wengine wamekaa juu ya malle ya nguo, wengine chini. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Saa kumi kasoro kidogo nikawasha televisheni yako.

Mvua inje, mvua ndani. Nyeupe tupu, haikuwa vidoti tena. Hakuna sauti, hakuna hata kivuli. Tuligeuza kila kifungo. Papa akapiga kelele kutoka salon kwamba wameanza, kwaya iko inaingia, mbona hatuji. Marie-Louise akakimbia inje kumuita Polycarpe, akapita dirisha la annexe, na pale akasimama, akapiga yowe lile unalolijua. Ndani ya annexe kale katelevisheni kalikuwa kanawaka peke yake mezani, na picha ya kwaya safi kama maji ya chemchemi.

Yaya, unaweza kuwaza. Mamans kumi na mbili walisema kwa kinywa kimoja kwamba amemunyonya mugonjwa picha yake. Papa alitoka na bakora. Polycarpe alisema neno moja tu, kwamba hii si kisanduku, ni waya, akapanda juu ya mabati katika mvua ile. Wengine wakataka kubeba kale ka annexe kakuje kwa Maman, waya yake haikufika. Na Papa akakataa mutu yeyote kugusa ile ya salon.

Basi wakafanya hivi. Walijipanga katika couloir, kutoka salon mupaka mulango wa Maman, wakawa wanapeana habari mupaka zimufikie Maman, wakimuita kwa jina. Sasa unaingia, Maman Cibalonza. Sasa umesimama mbele. Foulard imelala upande wa kushoto. Sasa wewe peke yako, unafungua kinywa, umeinua mukono! Na Maman alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe kupitia ukutani. Alikaza macho juu ya ile mvua nyeupe ya televisheni yako, akaimba pamoja nayo. Aliimba ubeti wote wa pili, amelala chali, na mukono aliuinua pale pale waliposema ameuinua. Dakika kumi. Kisha salon ikaanza matangazo ya vifo, na Maman akaomba tumuvue foulard.

Polycarpe aliingia amelowa, kwa mulango wa jikoni kama kawaida, akasimama mbele ya watu wote. Alisema kosa ni lake. Alisema waya hakuifunga vizuri. Papa akamuambia maneno ambayo sitayaandika, maana barua hii itakaa katika nyumba yenye watoto. Akamuambia aondoke na mukebe wake wa maziwa. Siku ya pili Noëlla alijitwika godoro, mume wake akajitwika kitanda, wakaenda Mudaka kwa mama yake. Noëlla ana mimba ya miezi tano, hilo hakuna aliyekuandikia.

Mupaka hapa, Yaya, unayo yote ambayo Papa angekuandikia. Ningetia sahihi hapa, ungeamua leo leo, na ningebaki Bibiane yako mwenye macho. Wiki saba nimekuwa nikitia sahihi hapa, kila siku, kwa kunyamaza.

Ni mimi niliyekata.

Asubuhi ya siku ile, kabla ya misa ya kwanza, nilitoka kwa mulango wa jikoni na mukasi wangu, ule mukubwa wa chuma alioniachia Sœur alipokuwa anarudi kwao, niliofunga kitambaa chekundu kwenye mushiko. Nilikwenda nyuma ya annexe. Nikaona waya inapita pale ukutani, kwenye musumari mukubwa. Nikasema: hii hapa, inayokwenda kulisha wakubwa wa Mudaka. Nikaikata ili Maman apate picha nzima, na, Yaya, nisikudanganye, ili Polycarpe awashe saa kumi aone giza, na Noëlla aone kama mimi ni wa kuchekwa. Nikasikia komeo la annexe. Nikatupa mukasi katika lengalenga, zile mboga za nyuma ya annexe, nikaenda misa, nikakomunika.

Ilikuwa waya ya Maman. Ile aliyoizungusha ili vumbi lisimuangukie machoni. Ile aliyonionyesha kwa kidole.

Sasa usikimbilie kusema ni bahati mbaya, dada alikosea waya. Sikiliza. Saa kumi kasoro, ile mvua nyeupe ilipotokea tu, nilijua. Kile kidole nilikiona kinaelekea musumari kama niko pale na shati yangu. Nilikuwa na dakika kumi. Ingetosha nimuambie mutu mumoja tu kwamba waya imekatika nyuma ya annexe, na Polycarpe angeiunga kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Alikuwa juu ya mabati anatafuta katika mvua, anafuata waya kwa vidole, na mimi nilisimama katika couloir na wale mamans. Mimi ndiye niliyemuambia Maman kwamba ameinua mukono. Nilifunga kinywa juu ya haya yangu, nikakifungua kwa kumupa mama yangu habari ya picha niliyomunyima. Nimemuita Floribert debe tupu. Unipe mimi jina lingine, maana mimi sijalipata.

Na kuna lingine. Kabla ya kuondoka, Polycarpe alipanda tena akaiunga ile waya. Televisheni yako haikuharibika hata siku moja, Yaya. Iko inafanya kazi, picha ni safi kuliko ya Papa, na hakuna mutu anaitazama. Maman alisema ifunikwe. Niliifunika na nappe niliyoitarizi mwenyewe. Kila asubuhi nikimugeuza anauliza kama mvua inanyesha Mudaka. Haulizi neno lingine.

Asubuhi ile wanaondoka, Noëlla akiwa amekwisha tangulia na godoro, Polycarpe alinijia jikoni na kitu kilichofungwa katika gazeti. Nikajua ni nini kabla hajakifungua. Alikuwa ameupata katika lengalenga, chini ya ile waya, siku ile ile ya mvua, na kitambaa chekundu bado kiko. Alisimama mbele ya Papa na mamans kumi na mbili wote na mukasi wangu chini ya koti, akasema kosa ni lake. Alisema waya ya shaba ilikuwa imeuma makali ya mukasi, pengo kama jino la mutoto. Lakini pengo lenyewe sikulikuta tena. Alikuwa amelisaga, ameunoa upya. Aliniambia kwa upole kwamba shaba inakula mukasi, Yaya Bibiane, siku nyingine nimuite yeye na pince, lile koleo lake. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini, vile vile anavyotazama kila siku, akajibu kwamba Papa angenifukuza mimi, na Maman anahitaji mutu wa kumugeuza. Akajitwika kitanda, akatoka kwa mulango wa jikoni.

Mudharau mwiba muguu huota tende, ndivyo tulivyoandikishwa shuleni ubaoni, mimi na hati yangu nzuri. Miaka ine nilidhani ule ukimya wake ni ujinga.

Nimejaribu kumuambia Papa mara tatu. Nafika mupaka kwenye bakora, narudi jikoni. Lakini wewe unajua desturi ya nyumba: barua yako kwa Papa ikifika, anaisoma kwa sauti baada ya rozari, amesimama, watu wote wakiwepo, na mulango wa chumba cha Maman umeachwa wazi ili asikie. Haruki hata nukta. Basi nakuomba hilo tu. Muandikie Papa hukumu yako, na uiandike yote. Usiandike kwamba kuna mutu alikosea. Andika jina langu, andika mukasi, andika zile dakika kumi. Nitakuwa nimepiga magoti na rozari mukononi, sitatoka. Akinifukuza baadaye, nitakwenda nikiwa nimekwisha kusema, na Noëlla atakuwepo wa kumugeuza Maman. Na uandike kwamba Polycarpe arudi, apite mulango wa mbele, wa salon, na viatu vyake muguuni. Mimi ndiye nitakayeufungua.

Usikawie, nakusihi. Abbé Benoît ndiye anayekuletea barua hii, na anarudi huku mwisho wa mwezi, mupe yeye mukononi. Musalimie Adèle, umuambie kitenge chake nimekimaliza kushona, kitafika na mugeni wa kwanza. Wabusu watoto, na usiwasomee barua hii mupaka wakue. Maman anakusalimia bila kujua ninachokuandikia. Nilipomuuliza nikuambie nini, alisema nikuambie televisheni ni nzuri sana.

Ule mukasi uko hapa mezani, nimekatia nao karatasi hii. Unakata vizuri kuliko siku ile Sœur aliponipa.

Mimi dada yako mudogo, asiyestahili leo kuitwa mwenye macho,

Bibiane